Mkono wa Mgongoni

Kila nikisikia harufu ya ngozi mpya kwa fundi viatu, narudi uwanjani kwetu, upepo wa Ufipa ukitujaza vumbi machoni. Shule ilikuwa na glavu moja tu ya softiboli, ya ngozi, nami niliivaa, nikachuchumaa nyuma ya mpigaji mwenye gongo nijaribiwe udakaji. Mpira ulipokuja, niliupokea kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefunzwa adabu. Kidole kikavimba.

“Huo ni mpira, siyo zawadi ya bibi!” mwalimu alifoka. “Glavu mbele ya goti, iwe wazi. Mkono mtupu ufiche mgongoni.”

Mpira uliofuata ulitua ndani ya glavu, pa! Sikutikisika. Nafasi ikawa yangu.

Jioni mama aliniletea bakuli la uji wa ulezi. Nikanyoosha mkono mmoja, wa pili mgongoni, kifua mbele.

Mama hakuliachia bakuli.