Uraibu Mbele ya Kadhi

Neno "uraibu" lilinifikia hospitalini hapa Garissa, mume wangu amelala na dripu mkononi, na mama yake ameketi katikati yetu kana kwamba mimi ndiye niliyemmwagia pombe kooni. Daktari alikuwa mgeni, mtu wa kule ambako sisi wa huku tunakuita Kenya, utadhani sisi tuko nchi nyingine. Alizungumza polepole, kwa adabu.

"Mama, huyu ana uraibu wa pombe. Ni ugonjwa. Mwili umeizoea, akiikosa anatetemeka, anatokwa jasho, anaona vitu ambavyo havipo. Unatibika. Lakini lazima yeye mwenyewe akubali, na nyinyi mkubali."

Mama mkwe wangu alimtazama kama mtu aliyetukanwa, akamjibu kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali. "Daktari, mtoto yangu hanywi bombe. Hiyo ni joto ya safari. Andika malaria."

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Alinunua mbuzi Habaswein na Elwak, akawauza hapa, wengine akawapeleka Nairobi. Huko Nairobi ndiko alikoanzia kunywa, akarudi na mazoea hayo, pombe ameificha kwenye chupa ya maji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina kazi yangu na mdomo wangu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba anakunywa kwa sababu hanitaki. Mama mkwe alipotoka nje kupiga simu, nilimwuliza daktari tofauti ya neno lake na neno "mlevi" ambalo watoto wa mtaa walikuwa wameshaanza kulisema nyuma yangu.

"Mlevi ni jina unalomwita mtu ukimkasirikia," alisema. "Uraibu ni kile kinachomsumbua."

Nililia pale pale, kwa furaha. Mtu ambaye hajaishi na mlevi hawezi kuelewa jinsi mke anavyoweza kufurahi kuambiwa mumewe ni mgonjwa. Lakini ugonjwa una dawa, na kutopendwa hakuna.

Nikalipeleka neno hilo nyumbani kwa wakwe zangu, mtaa wa Waberi, nikidhani nimewaletea habari njema. Wazee walikaa kikao. Ami yake mume wangu, ambaye sote tulimwita Adeer na ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo, alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mdomo.

"Binti yangu, neno hilo lisivuke mlango huu. Tuna wasichana wa kuozesha."

Niliwaambia kuna mahali Nairobi wanapotibu watu wa namna hiyo, mwalimu mwenzangu ameniulizia. Mama mkwe akasema mtu wetu akionekana akiingia pale, habari itafika Elwak kabla ya lori la mbuzi. Wakakubaliana kwamba mwana wao ana jini. Jini halina aibu, jini huwapata watu wa heshima. Akaletwa sheikh, akasoma, maji yakasomewa, mume wangu akayanywa kwa utiifu, na jioni akatoka kwenda kunywa kile alichozoea. Siku za wageni mama mkwe alikuja kwangu mapema na uunsi wake, akaufukiza kila chumba mpaka macho yakatuwasha, ili harufu ya udi ifunike ile nyingine. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Wageni wakasifu nyumba yangu kwa kunukia.

Nilivumilia. Sisemi hivyo ili nisifiwe, nasema kwa sababu walikuja kusema sikuvumilia. Kilichonitoa kwenye subira ni binti yetu. Alikuwa na miaka minne. Baba yake alimchukua asubuhi kwenda naye soko la mifugo, akamsahau huko. Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia alimkuta ameketi kati ya mbuzi wa watu, jua la mchana limemchoma, midomo imepasuka. Akamuuliza nyumbani ni wapi, akamleta kwa miguu. Mume wangu alirudi jioni, akaniuliza mtoto yuko wapi. Aliniuliza mimi.

Nilikwenda kwa kadhi, nikamweleza yote, nikaomba ndoa ivunjwe.

Siku ya kesi ukoo wote ulikuja, wamevaa vizuri. Nilitarajia wakane, kama walivyokana kila siku. Nilikuwa nimejiandaa na mashahidi. Adeer akasimama, akasafisha koo, na nikasikia kutoka kinywani mwake neno lile ambalo alilifungia ndani ya mlango wake.

"Mheshimiwa kadhi, kijana wetu ana uraibu. Ni maradhi, daktari alisema. Huyu mwanamke anajua. Ni mke gani wa Kiislamu anayemkimbia mume aliye mgonjwa?"

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Miaka yote niliyowasihi wakubali ni ugonjwa ili atibiwe, lilikuwa neno la aibu, neno la kuharibu ndoa za wasichana. Sasa lilipofaa kunifunga mimi, likawa halali. Na hakuna aliyetaja matibabu. Waliuchukua ugonjwa, dawa wakaiacha hospitalini.

Kadhi alimgeukia mume wangu, aliyekuwa ameketi na kanzu nyeupe, amenyolewa vizuri, mikono ameikalia isionekane inavyotetemeka.

"Wazee wako wanasema unakunywa, na kwamba ni maradhi. Wewe mwenyewe wasemaje? Ukikubali kwamba unaumwa na utakwenda kutibiwa, nitamwomba mkeo asubiri."

Nilikuja pale kutafuta talaka. Lakini alipokuwa akitafuta maneno, nilijikuta namwomba Mungu moyoni aseme ndiyo. Aseme mara moja tu. Ningemchukua siku ile ile, ningempeleka Nairobi mwenyewe, Elwak nzima itazame. Sikujua mpaka dakika ile kwamba bado nilikuwa namtaka.

Alimtazama mama yake. Mama yake akainamisha kichwa.

"Mimi ni mzima," akasema. "Sijui hilo neno wamelitoa wapi."

Kadhi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wazee wa mume wameshathibitisha kuwa anakunywa, na yeye mwenyewe amekataa kuwa ni mgonjwa. Mke wa mgonjwa, yeye kadhi angemwomba subira. Mke wa mtu mzima anayekunywa na kumsahau mtoto juani, hana cha kumwomba. Akaivunja ndoa.

Nje, mume wangu alitangulia kwenye gari bila kuangalia nyuma, Adeer akimfuata huku akilalamika kuhusu kadhi wa siku hizi. Mama mkwe alibaki. Alinishika mkono, na nilipomtazama nikaona analia kweli, machozi ambayo hayakuwa ya kuwaonyesha watu.

"Ana uraibu," akaniambia, kisha akaendelea kwa Kisomali. "Mwanangu ni mgonjwa, nami nilijua tangu hospitalini. Umemwacha mgonjwa."

Gari lilikuwa hatua chache kutoka pale, mlango wazi, mwanawe ameketi ndani ameegemeza kichwa kwenye kiti.

"Hooyo," nikamwambia, bado nikimwita mama, "nenda kamwambie yeye."

Alinitazama, akalitazama gari. Akajifuta uso kwa ncha ya shela, akaniachia mkono, akaenda kuketi karibu na mwanawe. Nilisimama nikawaangalia mpaka gari likaondoka, na mdomo wa mama haukufunguka.