Wino Juu ya Sikio

Mwandishi wa hukumu wa mahakama ya Madras, India, hakuwa na kitambaa cha kufutia kalamu. Aliifuta kwenye nywele zake, juu ya sikio la kulia, na mvi za upande huo zilikuwa nyeusi tii. Siku tatu za kesi, Muniyandi mkulima alimkodolea macho hata akamjua: akiandika, midomo ilicheza bila sauti; akishafuta kalamu, haandiki tena mpaka kesho.

Leo jaji Mwingereza alitamka kwamba aliyelima shamba miaka thelathini hafukuzwi, akaondoka. Muniyandi ameshinda. Lakini kijijini kwao kumi na wawili wanangoja kesi kama yake, na maneno yale yasipoingia kwenye kitabu cha hukumu, hakuna hakimu atakayeyasikiliza.

Wakili wa mwenye shamba akainama kwenye meza ya mwandishi. “Mzee wangu, hiyo ya miaka thelathini iruke tu. Nani atajua?”

Midomo ikatulia. Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

Kisha mwandishi akaandika, na mara hii akatamka kwa sauti: “Miaka thelathini.” Akaupuliza wino, akapeleka kalamu juu ya sikio.

“Umechelewa, bwana wakili. Nimeshafuta.”