Mshenga Wangu Mcheza Poka

Mwaka ule nilikuwa nimepanga Kensington, Sydney, karibu na chuo, nyumba moja na kijana wa Kijerumani ambaye uso wake haukuwa na habari yoyote. Ungemwambia nyumba inaungua, ungemwambia wali umeiva, angekutazama vilevile. Siku moja nilimsimulia kisa cha mchungaji wetu wa Lushoto aliyekimbizwa na bata mzinga mpaka madhabahuni, kisa ambacho hakijawahi kukosa kicheko tangu nianze kukisimulia. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Inachekesha." Kisha akarudi kwenye kompyuta yake.

Kazi yake ilikuwa kucheza karata. Kwetu anayecheza karata mchana ni yule ambaye mkewe anamtafuta, kwa hiyo mwanzoni nilidhani nimepangishwa pamoja na mtu aliyeshindikana kwao. Lakini huyu alikuwa na miaka ishirini na tatu, ameacha masomo ya hesabu (mama yake aliamini yuko likizo tu), na alizunguka dunia nzima akishiriki mashindano ya poka. Sydney alikuja kwa ajili ya shindano kubwa kwenye kasino moja ya mjini.

Wala hakuwa peke yake. Lilikuwa kundi zima, vijana wa Kijerumani wenye masweta ya kofia na nyuso za kwaresima. Kila nilipopita nyuma ya kompyuta yake niliwakuta kwenye skrini, watano, sita, wakibishana juu ya karata moja aliyoicheza mwenzao juzi. Alinieleza kwamba zamani mchezo ule ulikuwa wa wanaume wazima wenye sigara, waliocheza kwa machale. Kisha wakaja watoto kama yeye, wakajifungia vyumbani kwa mama zao, wakaupiga hesabu mchezo mzima, wakasahihishana bila huruma. Siku hizi, alisema, ikifika meza ya mwisho, pengine nusu ya watu wanasalimiana kwa Kijerumani na wazee wako nje wanavuta hizo sigara zao.

Asubuhi aliufanyisha uso wake mazoezi mbele ya birika la umeme, lile la chuma linalong'aa. Alijitazama humo bila kupepesa jicho mpaka maji yachemke. Mimi nasimama na kikombe changu, nachelewa kazini, nachemka kabla ya birika.

Nadhani alinikera kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa karata. Lushoto tulicheza wanne, wawili kwa wawili, kwenye kibanda cha fundi viatu pale sokoni, na nusu ya mchezo ilikuwa kumpa mwenzako ishara. Ukishika sikio unazo kubwa, ukikohoa huna kitu. Aliyechekwa ni yule aliyekonyeza vibaya, si aliyekonyeza. Nilijihesabu bingwa wa kusoma nyuso za watu, na nilijisifu kwa hilo kuliko ilivyopasa.

Wakati huohuo nilikuwa nimempenda binti wa Kikongo, mtu wa Uvira, tuliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nilimpenda hadi nikawa nasukuma wazee wa watu kwenye vigari na kuwaingiza vyumba visivyo vyao. Baba yake alikuwa marehemu. Msemaji wa familia alikuwa baba mkubwa, huko Blacktown, na nyuma ya baba mkubwa alikaa bibi yao, waliyemwita koko, kikongwe mdogo wa umbo asiyesema sana. Nilipojipeleka kueleza nia yangu, baba mkubwa alinikatia neno moja.

"Siye hatupeanaka mutoto ku mutu mwenye iko peke yake. Doti si mambuzi tu. Leta batu yako, samedi ijayo."

Doti ndiyo mahari kwao, na samedi ni Jumamosi. Nikamuuliza, je, watu wangu wakikosekana?

"Basi, mambo imekwisha."

Watu wangu! Mama yangu alikuwa Lushoto, na Sydney nzima nilikuwa na Watanzania wawili wa kuwaita ndugu. Mmoja alikuwa na shifti ghalani Mount Druitt, mwingine shifti ya kulea wazee, na wote wawili waliniambia shifti haibadilishwi. Akabaki Mjerumani. Maji yakikufika shingoni hutazami rangi ya mkono unaoushika.

Jumatano nilimwomba. Akasema Jumamosi ni siku ya pili ya shindano, ila kama atakuwa ametolewa Ijumaa, atakuja. Mungu anisamehe, siku mbili nzima nilimwombea mtu wa watu atolewe. Ijumaa jioni aliingia, akatundika koti, akasema, "Nimetolewa." Nilimtazama usoni kwa ustadi wangu wote wa kibanda cha fundi viatu, nikamwamini, nikamkumbatia na kurukaruka naye pale jikoni. Yeye hakuruka. Alisubiri nimalize.

Tatizo likawa hili: kwa desturi bwana harusi hasemi, anasemewa. Mshenga wangu hakuwa na hata neno moja la Kiswahili. Nilimfundisha sentensi moja, "Tumeona ua katika bustani yenu, tumekuja kuliomba," akaikariri kwa nidhamu ileile ya kukariri karata, kisha akaniuliza ni ua la aina gani, wasije wakamuuliza. Nikamwambia pia kuhusu ishara: akiona baba mkubwa anatutisha tu, akohoe. Hapo kwa mara ya kwanza nikaona nyusi zake zikipanda.

"Huo ni wizi," alisema.

Nikamweleza kwamba kwetu ni adabu. Akasema kwao mtu wa namna hiyo anafukuzwa mezani maisha. Alichokubali ni kusema waziwazi anachokiona, kwa Kiingereza, nami nitafsiri. Kwa hiyo nilikwenda posa nikiwa mkalimani wa mshenga wangu mwenyewe.

Sebule ya Blacktown ilikuwa imejaa. Baba mkubwa alivaa suti na tai nyekundu, wajomba wawili walijaza kochi, koko alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Mjerumani akasimama, akaitoa sentensi yake bila kosa, akaketi. Walipiga makofi.

"Huyu ni nani yako?" baba mkubwa aliniuliza.

"Ndugu yangu."

"Wa tumbo moja?"

"Wa Kilutheri," nikasema. Na sikudanganya, alibatizwa.

Kicheko kilipoisha, baba mkubwa akatamka mbuzi kumi na tano. Mjerumani akamtazama kama anavyolitazama birika. Dakika ikapita. Baba mkubwa akaiweka sawa tai yake, akakohoa, akaiweka sawa tena.

"Hana kitu," Mjerumani akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula. "Amegusa tai mara mbili. Atapokea kumi."

"Anasema, baba," nikatafsiri, "heshima yako imemgusa sana, ila anaomba mtuonee huruma."

Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo, kwamba watu wale walikuwa wameishi Australia miaka mingi kuliko mimi, na baba mkubwa alikuwa msimamizi ghalani, anaamrisha watu kwa Kiingereza kutwa nzima.

"Amesema nini?" koko akauliza.

"Amesema minagusa cravate," baba mkubwa akajibu. Akaifungua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. "Sasa atazame. Kumi na mbili."

Wajomba walicheka mpaka kochi likalia. Tulifika kumi, na nikaanza kujiona nimeshaoa. Ndipo baba mkubwa akaacha kucheka.

"Mambuzi tutasikilizana. Lakini niliuliza batu. Huyu muzungu atarudia kwabo. Siku mutoto wetu atakuwa na shida na weye uko ku kazi, tutapigia nani simu?"

Nilitafuta jibu kwenye zulia lao na halikuwepo. Mjerumani akaniuliza amesema nini, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamtafsiria neno kwa neno. Niliona kabisa binti wa watu ananiponyoka.

Chakula kikaletwa: fufu, ule ugali wao wa muhogo, samaki, sombe, yaani kisamvu, na bakuli dogo la pilipili. Kwenye treni nilikuwa nimemwonya mshenga wangu kwamba ukikataa chakula chao umekataa binti yao. Basi akachota pilipili kijiko kizima, akidhani ni rojo ya nyanya, akameza.

Uso haukutikisika. Masikio yakawa mekundu, shingo ikafuata, halafu machozi yakaanza kutiririka kwenye uso ule usio na habari, moja kwa moja hadi kidevuni. Akachota kijiko cha pili.

"Iko analia?" mjomba mmoja akauliza.

Aibu yangu ndiyo hii. "Analia kwa neno lako, baba," nikasema. "Lile la nani atapigiwa simu."

Koko akainuka kigodani, akaja polepole, akamfuta Mjerumani machozi kwa pindo la kitenge chake, jicho moja kisha la pili, kama mtoto.

"Bas," akasema. "Iko na mutu wa kumulilia. Muache maneno."

Vigelegele vikapigwa jikoni, na baba mkubwa akaivaa tena tai yake.

Baadaye nilikwenda kunawa, koko akinimiminia maji. Hakuniangalia.

"Ile pilipili nilitwanga mie mwenyewe," akasema. "Unafikiri sijue inafanyaka nini?"

Maji yalinishinda kunawa. "Sasa koko, mbona ulisema vile?"

"Alikula kijiko ya pili."

Tulipanda treni ya kurudi mjini jua likiwa bado juu. Mimi nilikuwa naimba. Mjerumani alishika chupa ya maziwa aliyopewa na koko, na simu yake haikuacha kutetemeka mfukoni. Nikamwambia aipokee, labda ni mama yake amegundua. Akaitoa, akaitazama, akanipa.

Ilikuwa picha kutoka kwa mmoja wa wale wenzake wa kwenye skrini. Meza ya poka, watu wameinamia karata zao, na katikati yao kiti kitupu. Mbele ya kiti palikuwa na vile visahani vyao vya plastiki vya kuchezea badala ya pesa, vimepangwa vizuri, vichache. Chini yake Wajerumani wote walikuwa wanauliza swali moja: uko wapi?

Akanieleza kama anayesoma ratiba ya mabasi. Ukiwa bado mchezoni na hujatokea, visahani vyako vinabaki mezani na kila mzunguko vinamegwa kidogo, mpaka viishe. Ijumaa hakutolewa. Alimaliza siku akiwa miongoni mwa walioongoza.

"Uliniambia umetolewa," nikasema. "Nilikutazama usoni."

"Ndiyo," akasema. "Mashindano yapo kila mwezi."

Nilikumbuka nilivyorukaruka jikoni. Nililia kabla hatujafika Strathfield, na mimi sikuwa na pilipili ya kuisingizia.