Moyo wa Severa ulivyomponza Bi Sabaha

Saa mbili kasoro asubuhi, Severa Tarsis anapanda ngazi za jengo moja la biashara Kariakoo kama mtu aliyekuja kulikagua. Anapanda ghorofa moja, anashika ukuta, anapumua. Wapagazi wenye maboksi ya viatu wanampita mbio. Jora la kitambaa cha pazia, ambalo zamani angelibeba mwenyewe begani, limetangulia juu na mmoja wao.

Ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa kwanza, anasimama muda mrefu kuliko kote.

“Hapa ndipo nilipomharibia mtu maisha,” anasema.

Severa, ambaye majirani humwita mama Allan, ana miaka 54 na anashona mapazia. Alizaliwa Kibosho, Kilimanjaro, akaja Dar es Salaam akiwa binti wa kushona vifungo kwa watu, na sasa ana chumba chake cha kushonea mwisho wa korido hii. Siku nzuri humwachia Sh20,000. Siku mbaya anaondoka na vipande vya vitambaa tu.

Mlango wa kwanza, pale ngazi zinapoishia, ulikuwa wa Bi Sabaha, mama wa miaka 63 kutoka Kilwa, aliyekuwa akiuza udi, ubani na manukato. Kila asubuhi alifungua duka kwa kufukiza udi kidogo, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi hapa. Walielewana sana. Mwezi wa Ramadhani Bi Sabaha alimletea Severa tambi na kaimati. Severa akitoka Kibosho alimletea ndizi.

Miaka mitatu iliyopita maumivu yakaanza.

“Ni kama mtu amekufunga mkanda kifuani halafu anaukaza,” anasimulia. “Yanapanda mpaka kwenye taya. Mkono wa kushoto unakuwa mzito, hata mkasi unaona kazi kuushika.”

Yalimkuta kila mara palepale, juu ya ngazi, jora likiwa begani, mlangoni kwa Bi Sabaha. Akijikokota hadi kwenye cherehani yake na kukaa, baada ya dakika chache yanaisha kabisa.

Mwanzo aliona ni gesi. Akanywa maji ya tangawizi. Duka la dawa wakampa dawa za vidonda vya tumbo, akazimaliza, akanunua nyingine. Hali ikabaki vilevile.

“Nikajiuliza, ugonjwa gani huu unanisubiri mlangoni kwa mtu?” anasema. “Nikiwa nimekaa kwangu sina kitu, nikipita kwake unanishika. Na yule mama kila nikipita anafukiza. Nikajumlisha mwenyewe.”

Kuanzia hapo, mengi aliyoyasimulia yalimwacha mwandishi wa makala haya mdomo wazi.

Severa aliacha kujibu salamu za jirani yake. Akaanza kuwahi kazini ili amwage chumvi ya mawe mlangoni pa mama huyo kabla mwenyewe hajafika. Akamweleza mshonaji mwenzake, Fortunata, kwamba anachezewa. Fortunata akamweleza mtu mmoja tu, na yule naye akamweleza wake. Haukupita muda, jengo zima likawa linajua kwamba Bi Sabaha ni mchawi. Wateja wakawa wanapita mlangoni pake wameziba pua.

Desemba ile Severa alikwenda Kibosho kula Krismasi. Kwenye mwinuko wa kuelekea kwa mama yake, akiwa na mfuko wa mchele mkononi, kifua kikambana vilevile. Hapakuwa na udi wala mtu wa Kilwa hapo, ni migomba tu. Mtu angetegemea kwamba sasa angeshtuka.

“Hapana,” anasema, na uso anauelekeza chini. “Nilisema kumbe ana nguvu kiasi hiki, amenifuata mpaka mgombani kwetu.”

Mwaka uliofuata wapangaji walimlalamikia msimamizi wa jengo, naye akamwambia Bi Sabaha atafute pengine. Mama huyo hakugombana na mtu. Alipakia sanduku zake za vichupa kwenye mkokoteni akaondoka.

“Siku ile nilishona huku naimba,” anasema Severa.

Wiki iliyofuata alipanda ngazi na jora lake begani. Mlango ulikuwa na kufuli na korido haikuwa na harufu yoyote. Alipofika palepale, kifua kikakaza kuliko siku zote. Akakaa sakafuni, jasho jembamba likimtoka, na maumivu safari hii yakakataa kuondoka.

Hata hapo bado alikuwa na jibu. “Nikawaza, ameondoka lakini kuna kitu amefukia.”

Fortunata hakutaka kusikia habari za kufukia. Alimkokota hadi chini, akamwingiza kwenye bajaji, wakaenda hospitali. Alilazwa, hali ikatulia, na siku chache baadaye akapelekwa kwenye kipimo ambacho anakisimulia kwa mikono yote miwili. Walimbandika nyaya kifuani, wakamsimamisha juu ya mkanda unaojiendesha, wakamwambia atembee. Daktari akauinua mkanda kidogo, akauinua tena.

“Ikanishika,” anasema. “Ileile, taya, mkono, kila kitu. Nikaangalia huku na huku. Chumba kina feni, daktari na nesi basi. Nikalia palepale kwenye mashine. Daktari akadhani ni maumivu. Nikamwambia hapana, baba, kuna mama wa watu nimemfukuza.”

Dk. Filbert, anayemtibu, anasema alipousikia mkasa huo alikaa kwanza. Kisha akamweleza Severa ugonjwa wake, ambao kitaalamu unaitwa anjaina.

“Mishipa inayoulisha moyo damu imekuwa myembamba ndani,” anafafanua daktari huyo. “Ukikaa, damu kidogo inayopita inautosha moyo. Ukipanda ngazi na mzigo, moyo unataka damu nyingi, haipati, ndipo unaanza kuuma. Ukipumzika unatulia. Sasa mtu anasema, kama ukikaa unaondoka, huo si ugonjwa. Kumbe hiyo ndiyo dalili yenyewe.”

Anasema maumivu yalimkuta Severa mahali pamoja kwa sababu nguvu zilizohitajika kufika pale zilikuwa zilezile kila siku. Shinikizo la damu ambalo hakuwahi kulipima lilikuwa limeshafanya kazi yake. Anawaonya wanaoshindia dawa za tumbo bila kupimwa, na anasisitiza kwamba maumivu yakija mtu akiwa amekaa, au yakigoma kuisha baada ya kupumzika na kutumia dawa, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Severa sasa anatumia dawa kila siku. Ana pia vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi. Kifua kikibana, anakaa chini kwanza, ndipo anaweka. Daktari anasema huenda mshipa mmoja ukahitaji kupanuliwa.

Alipopata nguvu, alimtafuta Bi Sabaha. Alimkuta Mnazi Mmoja, ametandika mkeka kando ya njia ya waenda kwa miguu, vichupa vimepangwa juu ya kanga.

“Nikamwamkia, shikamoo Bi Sabaha. Akaitikia marahaba, mama Allan, kama jana tu tulikuwa pamoja. Nikamwambia yote. Nilitaka anitukane.”

Mwandishi alimfuata Bi Sabaha kwenye mkeka wake, naye alikubali kuzungumza, kwa sauti ya chini, mkono mmoja ukifuta vumbi kwenye vichupa.

“Mimi nilikuwa namwona anavyoshika ukuta pale mlangoni,” anasema. “Marehemu mume wangu alianza hivyohivyo. Akipanda kitu anashika kifua, akikaa anacheka, mpaka siku hakuamka. Nilitaka kumwambia mama Allan aende hospitali. Nilimwita mara nyingi. Lakini alikuwa ananipita, hajibu hata salamu. Nikaona nikimshika mkono atapiga kelele.”

Mtu pekee katika jengo lile aliyeujua ugonjwa ule alikuwa yeye. Inauma hata kuliandika jambo hili.

Severa alirudi jengoni akidhani sasa kazi ni rahisi, atawaambia watu ukweli. Alianza na Beno, muuza mabegi wa ghorofa ya chini. Alimweleza habari ya mishipa, mkanda na vidonge. Beno alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sawa mama, ni moyo,” Beno alimjibu. “Sasa huo moyo nani kauziba?”

Wengi wamemjibu hivyo. Alipoulizwa na mwandishi, Beno hakukana. “Sisemi ni yeye,” alisema. “Ila watu wanaongea.”

Ndipo Severa akapata wazo jingine. Wiki iliyopita alirudi Mnazi Mmoja na kumwomba Bi Sabaha wagawane chumba cha kushonea cha ghorofa ya tatu, meza ya manukato upande mmoja, cherehani upande wa pili.

“Nikamwambia asifukize tu, daktari kanikataza moshi. Lakini akae auze, mlango wazi, wote wanione nashona karibu yake.”

Bi Sabaha alizipanga upya chupa zake zote kabla ya kumjibu.

“Na siku ukifa humo ndani, mama Allan,” alimuuliza, “watasema nani kakuua?”

Siku ile Severa aliaga, akaondoka. Tangu hapo hajakosa dawa wala kliniki, chumvi amepunguza, na jora hagusi. Ijumaa anakwenda tena kwenye mkeka ule.

“Siwezi kumwahidi kwamba sitakufa,” anasema. “Nitamwambia ukweli kwamba nina moyo mbovu na natumia dawa. Lakini kila siku nitakayopanda ngazi hizi na kumkuta humo ndani, na jioni nikashuka mzima, hao watu watakosa la kusema. Namwomba Mungu anipe siku nyingi za namna hiyo, kwa sababu ni zake yule mama, si zangu.”