Bwana Ufikivu na Ukumbi wa Ghorofani

Mwenzenu nimechoka. Kila nikipita stendi ya Tunduma lazima atokee mtu wa kuniita "Bwana Ufikivu" na kuangua kicheko, basi leo naisimulia mwenyewe, aibu ni yangu.

Nilipewa kazi ya kuandaa kikao cha watu wenye ulemavu na wafadhili wanaojenga zahanati mpya kwenye kijiji kimoja upande wa Msangano, wakubaliane ramani. Mkuu wangu akanipigia kutoka Vwawa, "Tafuta ukumbi, zingatia ufikivu kwa wote." Nikaitikia "Sawa mkuu" kwa sauti ya msomi. Kumuuliza ufikivu ni kitu gani niliona haya (na shahada nimeitundika ukutani!), nikajiambia ufikivu si ndiyo kufika, basi anachotaka ni watu wafike, nikakodi Noah za kuwachukua, na ukumbi nikachukua wa ghorofa ya pili kwenye gesti moja ya Tunduma, maana huko juu honi za malori ya mpakani hazisumbui.

Wa Noah wote wakafika mapema, nikajipongeza. Kisha dereva akashusha kiti cha magurudumu, akaketi Mama Nambeye, ambaye ndiye aliyekiomba kikao chenyewe, maana zahanati ya sasa ina ngazi na yeye hudungwa sindano nje, chini ya dirisha, watu wakipita. Alikuja kuomba jambo moja tu, hiyo mpya isiwe na ngazi.

Akatazama juu, akanitazama mimi.

"Tunapandia wapi, mwanangu?"

Lifti hakuna. Nikiwa bado nawaza, mkuu na wafadhili wakafika, wakapitiliza juu na wengine bila kumwona. Kuwaambia wageni wateremke ningeumbuka mbele ya mkuu, nikaita vijana wa kupakia mizigo, wakamnyanyua bila hata salamu.

"Nishusheni! Nani kawaambia mnibebe? Mimi siyo gunia la mahindi!"

Wakamshusha, jasho linanitoka. Nikapata akili nyingine (akili zangu siku hiyo, acheni tu), nimpigie mkuu aweke spika, mama aongee kutoka chini. Akaanza vizuri, "Wageni wetu, mimi nadungwa sindano nje..." mara mtandao ukarukia Zambia ng'ambo ya mpaka, simu ikakata. Napiga, inakata, napiga, inakata, na kule juu wakadhani mama amemaliza, wakapiga makofi, wakapitisha ramani, wakaletewa soda.

Mkuu akateremka anatabasamu. "Mama, pole, umechelewa kufika?"

"Kufika nimefika kabla yenu, baba," akajibu taratibu. "Kuingia ndo sijaingia."

Mkuu hakunifokea, alinieleza tu kwamba ufikivu ni kila mtu aweze kuingia bila kubebwa, na hilo liliniuma zaidi. Aliwarudisha wageni pale chini, mama akasema lake katikati ya honi, nusu halikusikika, nao wakajibu ramani imeshapita, watajitahidi awamu nyingine.

Wakati wa kuondoka nikamsogelea. "Nikusaidie kupanda gari, mama?"

"Sasa hivi ndo umeuliza," akasema, akanipa mkono.

Nimeapa, neno nisilolijua nitaliuliza papo hapo hata nichekwe, na ukumbi silipii kabla ya kumpigia anayekuja na kiti cha magurudumu. Lakini kiapo changu kimechelewa. Wiki iliyopita nilipita kule kwenye ujenzi wa zahanati mpya, nikamkuta fundi anapiga lipu ngazi za mlangoni, ngazi nzuri kabisa.