Breki Tatu Zinatosha

Mume wa dada yangu hajawahi kuwa fundi wa magari hata siku moja. Maisha yake yote ya kazi alikaa nyuma ya dirisha la stoo ya vipuri, akipokea oda na kusukuma maboksi, na alipostaafu alitoka na majina ya vipuri vyote kichwani, bila kujua kufunga hata kimoja. Lakini mtaani wanamwita Injinia, naye anaitika bila haya. Mimi namwita shemeji kwa sababu dada amenikataza kumwita ninavyotaka.

Anachoringia ni pikapu kuukuu yenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Dada ndiye aliyeinunua kwa jasho la kuku wake, na dada ndiye anayeihitaji, maana kila asubuhi mayai lazima yafike kwa mwoka mikate upande wa pili wa mji. Ufunguo, hata hivyo, unakaa mfukoni mwa shemeji. Dada ana leseni tangu hajaolewa, ila kila akiomba kuendesha huambiwa, "Mke wangu, gari hili linamjua mwenyewe."

Mwaka jana tairi la mbele kushoto lilianza kuvuja oili ya breki. Shemeji aliingia uvunguni peke yake, akagongagonga, akatoka kifua mbele na kutangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Kweli, kuvuja kulikoma. Ila tangu siku ile, ukikanyaga breki pikapu ilikuwa inachomoka kwenda kulia, mpaka watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara wakajifunza kutuogopa. Shemeji akajizoeza: mguu ukigusa breki, mikono inakata usukani kushoto hapohapo, na gari linasimama huku likitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nakaa nyuma nimekumbatia trei, nikisikia mayai yakipasuka moja baada ya jingine. Nilikuwa nikifika nimelowa, ninanuka, na nina hasira.

Unadhani alirudi kuangalia breki aliyoigusa? Thubutu! Alisema tatizo ni miguu ya mbele ya gari. Kwanza akalaumu bushi, zile raba zinazozuia vyuma visigongane, akabadilisha zote. Gari likaendelea kwenda kulia. Akalaumu shokapu, akanunua mpya, moja akaifunga juu chini mpaka jirani akamcheka. Akalaumu springi, akalaumu barabara, na siku moja akanilaumu mimi, eti nakaa upande mzito. Kila Jumapili miguu yake ilikuwa inaonekana uvunguni mwa gari na sauti yake ikitoa hotuba humo chini. Majina ya vipuri aliyatamka vizuri sana.

Ili kuvifikia vipuri hivyo alikuwa akifungua mabomba ya breki, na ukiyafungua, hewa huingia, na lazima itolewe, la sivyo unakanyaga pedeli kama unakanyaga mto wa kulalia. Mmoja anakanyaga ndani, mwingine anafungua nati kwenye tairi ili hewa itoke. Kazi ya kukanyaga ilikuwa ya dada.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!" shemeji alikuwa akipiga kelele, akihama tairi hadi tairi.

Jumapili moja dada akagundua kwamba mumewe anahama matairi matatu tu.

"La mbele kushoto mbona hulitoi upepo?" aliuliza.

"Hilo halina haja."

"Halina haja kwa nini?"

"Nimeliziba. Kuna gololi ya chuma ndani ya bomba, oili haifiki huko. Ningeiacha ivuje?"

Dada alishuka taratibu. "Kwa hiyo mwaka mzima tairi hilo halina breki?"

"Breki tatu zinatosha!" Shemeji alijifuta mikono kama daktari aliyetoka kupasua mtu. "Wewe una miguu miwili tu, mbona unasimama?"

Nilitamani kumrushia spana. Dada alichukua ndoo ya chakula cha kuku akaenda zake, nami nilimjua dada yangu: akiacha kubishana, jambo limeshaamuliwa. Wiki ileile mwoka mikate alikuwa amemwambia waziwazi, "Mama, trei zikija tena zinachuruzika, nitatafuta mtu mwingine." Huyo ndiye mteja wa karibu mayai yote. Akiondoka yeye, kuku wangeuzwa.

Shemeji aliposafiri kumjulia hali kaka yake, akausahau ufunguo kwenye suruali yake ya kazi, dada alimwita fundi wa kona ya pili. Fundi yule ni mvivu, mpiga soga, na aliazima hata jeki yetu, lakini gololi aliitoa. Pedi za breki ya kushoto hazikuwa zimelika, maana mwaka mzima hazikufanya kazi, na diski yake ilikuwa na kutu. Akabadilisha raba iliyokuwa ikivuja, dada akakanyaga pedeli kwa matairi manne, kisha akaizungusha pikapu mtaani mwenyewe. Ilisimama sawasawa, bila kwenda kulia wala kushoto.

Shemeji alirudi jioni, na asubuhi yake dada alimweleza yote kabla hajawasha gari. "Breki zimetengenezwa. Inasimama yenyewe. Tafadhali, usikate usukani."

"Nani kagusa gari langu?"

"Fundi. Nasema usikate usukani."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi gari?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Alirudi nyuma kwa mbwembwe, akageuza, akalielekea geti kwa kasi, akakanyaga breki na, kama kawaida yake, akakata kushoto. Pikapu ikatii. Ikaenda kushoto moja kwa moja na kuvaa nguzo ya geti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba, na nguzo bado ataijenga.

Bampa lilipinda, na trei mbili nilizokuwa nimezikumbatia zilimwagika mapajani mwangu. Shemeji alishuka na kuanza kuwahutubia majirani kwamba fundi ameharibu balansi ya gari. Dada hakumsikiliza hata kidogo. Alileta trei nyingine kutoka stoo, akaingia upande wa usukani, akafunga mlango. Shemeji akazunguka akakaa upande wa abiria, kwa sababu hakuna aliyemwambia afanye nini.

Njia nzima hakuna trei iliyosogea. Kila dada alipokanyaga breki, niliona mikono ya shemeji ikikata usukani usiokuwepo.

Mwoka mikate alitoka na aproni yake, akainua trei moja, akainua ya pili, akazikagua chini. Hakuna yai hata moja lililopasuka.

"Leo nani kaendesha?" aliuliza.

"Mimi," dada akajibu.

Shemeji akatoa kichwa dirishani. "Ni zile bushi nilizofunga," akamwambia. "Zilihitaji muda tu kuzoea."

Mwoka mikate akamtazama, akamtazama dada. Dada alichomoa ufunguo, akautia kwenye pochi yake, akavuta zipu.

"Haya, Injinia," akamwambia. "Shuka ubebe trei."