Presha Aliyoificha Kaka Jilo

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana, nimemsindikiza kaka yangu Jilo kutoka Idsowe hadi hospitali kubwa, mbali na kwetu. Mgongo wake ulikuwa umepinda, hata kuinama apalilie mpunga hawezi. Madaktari walisema wataunyoosha kwa upasuaji.

Kabla hajaingizwa ndani, daktari wa usingizi alimwuliza, "Una presha? Kuna dawa unayomeza?"

"Sina. Mimi mzima, ni huu mgongo tu."

Nami niliamini. Kumbe alikuwa na presha ya siku nyingi, akimeza vidonge kwa siri hata kipimo kisiionyeshe, ila aliiona ni ugonjwa wa wazee, tena alihofia wakijua watamrudisha nyumbani. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humuumbua.

Alipozinduka aliniita. "Buya, nifunike miguu, siisikii."

Miguu ilikuwa imefunikwa tayari.

Daktari alimwuliza tena, na safari hii Jilo akasema kweli, huku analia.

"Tunapopasua mgongo," akasema yule daktari, "huwa tunashusha presha kwa dawa ili damu isimwagike nyingi. Lakini mwili wako umezoea damu isukumwe kwa nguvu. Kwa kiwango kinachomtosha mwingine, uti wako wa mgongo umekosa damu, ndiyo maana huisikii miguu. Tungejua, tusingeishusha kiasi kile."

Tukamrudisha nyumbani kwa machela. Baba, mtu wa maneno machache, alimtazama muda mrefu. "Jilo, mtu humficha adui siri yake. Aliyeshika kisu juu ya mgongo wako alikuwa adui yako?"

Baba akatoka nje, nikamsikia akilia nyuma ya nyumba.

Miguu haikurudi tena. Mto Tana ulipofurika tukambeba na kitanda chake kwenda mahali pa juu, naye akatusihi, "Niacheni, maji yanichukue." Hatukumwacha. Vidonda vya kulala vilimmaliza polepole, mbele ya macho yetu, na hakuna dua niliyoiacha kuiomba.

Mwanangu, ukiulizwa na daktari, sema yote: ugonjwa ulio nao na dawa unazomeza, hata za mitishamba. Usione haya. Wakikuahirishia upasuaji, subiri, kuchelewa kupona si kutopona. Maneno yangu hayamfai Jilo tena, basi yakufae wewe. Mungu akuhifadhi, akupe ulimi usioogopa kweli, na miguu ikubebe mpaka uzeeni.